Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Sanaa: Tuonyesheni Mlango wa Kibali, Fungueni Kanda

Kwa Wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa, Baraza la Sanaa la Taifa, Ofisi ya Hakimiliki, Shirika la Utangazaji, Makumbusho ya Taifa na Jiji la Dar es Salaam.

Yah: Matumizi ya ngano, ngoma na michongo ya jadi katika sanaa na ubunifu wa leo

Waheshimiwa,

Salaam nyingi kutoka Sinza. Mimi ni mchoraji. Nachora vitabu vya watoto, katuni za runinga, mabango na nembo, na kodi ya pango ikikaribia nachora hata vifungashio vya sabuni. Nawaandikia kwa sababu kuna jambo ambalo wabunifu wengi wa mji huu wanalijua na hawalisemi mbele yenu, labda kwa kuogopa kujichongea. Sheria ya nchi inatutaka tuombe kibali kabla ya kuifanyia biashara hadithi, ngoma na michongo ya jadi, na wengi wetu hatuombi. Si kwa ukaidi. Mlango wa kuombea hatuuoni.

Sheria ninayoisema si ngeni kwenu: ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ndani yake mna sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi, kuanzia ngano na vitendawili hadi nyimbo, ngoma na michongo. Anayetaka kuzitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, anatakiwa apate idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Chanzo nacho kitajwe: ni cha jamii gani, kimetoka wapi. Sehemu hiyo ilifuata kielelezo kilichotayarishwa mwaka 1982 na UNESCO pamoja na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Naisifu kwa dhati. Waliotunga walijua kwamba kisa cha kijijini hakina mwandishi mmoja wa kwenda kudai haki yake mahakamani, kwa hiyo lazima awepo wa kumsemea.

Sheria hiyohiyo imeacha nafasi kwa msanii kuazima jadi ili aunde kazi yake mpya bila kuomba. Hapo ndipo tunapokwama. Nikimchora Sungura amevaa jinzi, anaendesha bodaboda Manzese na kumtapeli Fisi nauli, nimeazima au nimetumia? Je, nikiuchukua wimbo wa ndani ya kisa neno kwa neno, kama bibi alivyouimba, nikauwekea mdundo wa singeli? Na nikichukua nakshi ya kiti cha mzee fulani nikaichapa kwenye fulana za kuuza Kariakoo? Niliwahi kumuuliza mwanasheria mmoja tukiwa kwenye kahawa. Alicheka, akasema inategemea. Kwa bei ya kahawa, sikumlaumu.

Niruhusuni mfano mmoja kwa kirefu, maana ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mteja wangu, mwenye biashara ya mafuta ya mwili na manukato, alitaka boksi lenye asili ya hapahapa Dar. Wazo lililonijia ni mwanahiti. Wengi wenu mnamjua, lakini barua hii itasomwa pia na vijana ambao hawajawahi kumwona. Wazaramo, wenyeji wa pwani hii tangu mji ungali ukiitwa Mzizima, humchonga kwenye mti: kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, matiti, kitovu, na kichwa chenye nywele zilizogawanyika kuwa vilele viwili. Mwali akiwekwa ndani hupewa mwanahiti amtunze kama mtoto. Umbo hilohilo hutoka nje ya unyago pia, likachongwa kwenye fimbo, kwenye viti, hata kwenye nguzo za makaburi. Kwa jicho la mbunifu ni umbo lililokamilika. Lirefushe liwe mlingoti, bado unalitambua. Lipunguze liwe sawa na kifungo cha shati, bado unalitambua. Nchi nyingine kampuni hulipa fedha nyingi kutafutiwa alama ya namna hiyo, na sisi tunayo hapo Kisarawe, nauli ya daladala tu.

Ila ni umbo la unyagoni, na mimi ni mwanamume tena si Mzaramo. Nikaenda Maneromango kuuliza. Nikapelekwa kwa akina mama watatu, mmoja wao kungwi wa siku nyingi. Niliwaamkia, nikaeleza, nikawaonyesha mchoro wangu. Kungwi alisema umbo halina siri. Lipo kwenye viti na watu wanalikalia. Siri ni nyimbo na mafunzo yanayokwenda nalo, na hayo hata nikilipia sipewi. Wa pili akaniuliza swali ambalo hakuna mwalimu wa ubunifu aliyewahi kuniuliza: boksi lako, mtu akishamaliza mafuta, linakwenda wapi? Nikamjibu, jalalani. Akasema, basi hapo ndipo kwenye ubaya. Mwanahiti hatupwi, huwekwa. Wa tatu alikuwa kimya muda wote, na mwisho akasema wao watatu hawawezi kuniruhusu kwa niaba ya Wazaramo wote. Nenda serikalini, mwanangu.

Nikaenda serikalini. Ofisi sitaitaja, maana sina nia ya kumchongea mtu aliyekuwa tu hajaelekezwa. Dawati la kwanza likanipeleka la pili, la pili likaniuliza kama nina barua ya serikali ya mtaa, la tatu likasema niandike barua nitajibiwa. Nikaandika. Mteja hakusubiri, na mimi nisingesubiri kama ningekuwa yeye. Akapakua kwenye intaneti michoro ya maua na vinyago vinavyouzwa kwa jina la Afrika, kazi ya mtu asiyejua Kisarawe iko upande gani. Ndiyo iliyo kwenye boksi lake hadi leo.

Angalieni kilichotokea. Wale akina mama, kwa saa moja juu ya mkeka, walinipa majibu ambayo sheria inayahitaji: lipi liko wazi, lipi lina masharti na masharti yenyewe ni yapi, lipi ni mwiko kabisa. Wangeweza kuyasema hayo mara moja mbele ya ofisa wenu mwenye kalamu na kinasa sauti, yakaandikwa, yakawekwa mahali kila mbunifu anapoweza kuyasoma. Badala yake kila mchoraji atakwenda peke yake kumsumbua kungwi yuleyule, au hatakwenda. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na mkataba huo unataka nchi iwe na orodha ya urithi wake iliyotengenezwa pamoja na wenye urithi. Orodha hiyo mbunifu wa Dar es Salaam aweze kuifungua kwenye simu yake, siyo ikae kabatini kungoja wageni wa mikutano.

Najua wapo watakaosema jadi iachwe ilivyo, wachoraji na madijei wasiitie mikono. Kwa mji huu hoja hiyo haina miguu. Mashetani ya Kimakonde, yale yenye viungo vilivyopinda na macho mahali pasipotarajiwa, hayakuletwa na babu zetu kutoka uwanda wa Makonde yakiwa hivyo. Mtindo ule, ambao huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, ulikua kwa wachongaji waliohamia huku, waliochukua majini ya masimulizi na kuyapa mwili wa mpingo kwa ajili ya soko la mjini. Leo ukimpeleka mgeni kwenye soko la vinyago la Mwenge anaambiwa ndiyo jadi yenyewe. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, na ilipofika mwaka 1968 alikuwa akipaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao laini za dari. Aliuawa mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea na wakaingiza kwenye picha zao mashetani, waganga na visa vya vijijini. Ebrahim Hussein alichapisha mwaka 1976 michezo ya kuigiza iliyojengwa juu ya umbo la ngano, na Penina Muhando naye akaita fanani, yaani msimulizi, na wimbo wa kupokezana jukwaani. Singeli ya Tandale na Manzese, mnayoisifia sasa kwa kuwa inapigwa Ulaya, damu yake ni mchiriku na ngoma za Wazaramo, zikiwemo zile za vigodoro ambazo wakubwa wa mji walizipiga marufuku zaidi ya mara moja.

Na majengo je? Soko la Kariakoo la mwaka 1975 ni kazi ya msanifu majengo Beda Amuli. Badala ya kujenga boksi, alisimamisha miavuli ya zege, watu wafanye biashara chini yake kama gulio la chini ya miti. Hakubandika kinyago ukutani ili jengo liwe la Kiafrika. Alichukua namna watu wetu wanavyokaa sokoni akaifanya paa. Soko liliungua Julai 2021, na mimi ni mmoja wa walioumia zaidi kwa ajili ya lile paa.

Kwa hiyo msanii wa Dar hafundishwi kuitumia jadi. Anachokosa ni malighafi, na hapa nageukia kanda.

Anayetaka kusoma kisa cha Sultani Majinuni na yule nunda mla watu, au kisa cha paa aliyemtajirisha bwana wake maskini, anavipata usiku huu, bure, bila kumwamkia mtu. Mmisionari wa Kiingereza, Edward Steere, aliviandika kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar akavichapisha London mwaka 1870, haki zake zimekwisha zamani, na kitabu kizima kipo kwenye intaneti. Lakini hadithi zilizorekodiwa na vyombo vyetu wenyewe, kwa kodi ya wazazi wetu, hatuzipati. Mafundi wa Radio Tanzania Dar es Salaam walizunguka mikoani na mashine zao, wakanasa ngoma na masimulizi ya makabila mengi. Kizazi changu kililelewa na kipindi cha Mama na Mwana. Sauti ya Deborah Mwenda ilikuwa inatosha kunyamazisha uani. Urithi huo uko mikononi mwa Shirika la Utangazaji, na kanda ya sumaku haina subira. Joto na unyevu wa Dar huilainisha gundi inayoshika sauti, mpaka siku moja ukiizungusha inamenyeka na kubaki utepe mtupu. Kila mwaka wa masika unaopita bila kuihamishia kwenye kompyuta ni mwaka wa kupoteza.

Chuo Kikuu nacho kina hazina yake. Tangu enzi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, watafiti na wanafunzi wamekwenda vijijini kukusanya visa na nyimbo, wakaviambatisha nyuma ya tasnifu, tasnifu zikapangwa rafuni. Huku sekondari mtoto anakariri tanzu za fasihi simulizi, anakutofautishia kisasili na kisakale bila kukosea, na hajawahi kusimuliwa hata kimoja hadi mwisho. (Mtihani hauulizi kama alicheka.)

Naomba sauti hizo zifunguliwe. Siombi zote kwa siku moja. Anzeni na rafu moja: Pwani na Dar es Salaam. Kila rekodi iwe na jina la msimulizi, kijiji, mwaka na jina la aliyerekodi. Familia ya msimulizi itafutwe iulizwe. Wakikataa, kanda ibaki ndani na iandikwe kwamba ipo na imezuiwa. Nyimbo za jandoni na unyagoni zisiwekwe hadharani hata kama ziko kandani, maana aliyezirekodi miaka ile huenda hakuuliza. Zilizobaki ziwekwe mahali tunapoweza kusikiliza bure, na atakayetaka kuzitumia kwa biashara aone papo hapo cha kufanya.

Nasikia hofu yenu: tukifungua, wataiba. Waheshimiwa, mwizi hajawahi kuhitaji tufungue. Mwaka 2018 mitandao ya Afrika Mashariki iliwaka moto watu walipogundua kwamba Disney waliomba tangu 1994, na wakapewa mwaka 2003 huko Marekani, usajili wa "Hakuna Matata" kama alama ya biashara kwenye mavazi. Tulipiga kelele wiki mbili tatu tukanyamaza. Kelele haina tarehe wala namba ya jalada. Ukitaka kumpinga mtu anayedai kwamba kisa au umbo fulani ni ubunifu wake, unahitaji ushahidi kwamba lilikuwepo kabla yake: rekodi yenye mwaka, jina na mahali. Kanda iliyofungiwa kabatini haiwezi kutoa ushahidi huo. Kinyume chake, mtazameni Hukwe Zawose. Alipiga ilimba na zeze katika majukwaa makubwa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003, akarekodi na watu wa Ulaya, na hakuna aliyebaki na shaka kwamba muziki ule ni wa Wagogo. Kujulikana kulimlinda kuliko kufichwa.

Suala la fedha sitalirefusha. Mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ni jambo jema kwa mwenye biashara iliyokwisha kusimama. Kwa ombi langu, kazi kubwa ni watu wachache wenye kompyuta, mashine nzima ya kuchezea kanda, na ofisa mmoja ambaye kazi yake ni kujibu barua. Tafadhali msitujibu kwa semina. Tumehudhuria semina, tunajua maana ya urithi, tunajua changamoto na fursa, na wali wa kuku tumekula.

Ada ya kibali, ikiwepo, iwe na ngazi. Anayechapa vitabu mia tano vya watoto asitozwe sawa na kampuni ya simu inayotaka Sungura auze vifurushi nchi nzima. Na sehemu ya fedha hiyo irudi ilikotoka kwa njia inayoonekana: darasa, kisima, mashine ya kushonea kwa kikundi cha ngoma. Akina mama wa Maneromango hawakunidai hata shilingi, walinipa na mihogo ya kuondokea, lakini upole wao usifanywe kuwa sera.

Neno kwa Jiji, na kwa wanaojenga miundombinu. Stesheni ya treni ya umeme pale mjini imepewa umbo la tanzanaiti, na inapendeza. Nauliza tu: jiwe limepata nafasi, hadithi je? Tuna vituo vya mwendokasi ambavyo abiria husimama muda mrefu kuliko tunavyopenda kukiri, na kuta zake hazina kitu ila matangazo. Ukuta mmoja wa kituo unaweza kubeba kisa kizima, picha kwa picha, kimechorwa na kijana wa jirani, chini kimeandikwa kimetoka kijiji gani na kimesimuliwa na nani. Makumbusho ya Taifa wanacho Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za makabila, palepale kando ya Barabara ya Bagamoyo. Wanafunzi wa sanaa wangepewa siku moja ya wiki kuingia bure na daftari zao za kuchorea, mngeona matunda yake kwenye mitindo na samani za mji huu kabla ya uchaguzi ujao.

Turudi kwenye kibali, maana huko ndiko ninakotaka majibu. Kanuni zinazoeleza jinsi ya kuomba idhini ya kutumia sanaa za jadi ziwekwe wazi: barua inakwenda kwa nani, ada ni kiasi gani, jibu linatoka ndani ya siku ngapi, na ofisi ikikaa kimya mwombaji afanyeje. Itolewe mifano ya kazi ambazo mnaziona ni za kuazima na zisizohitaji kibali, na ya zile zinazohitaji. Mifano, si tafsiri ya vifungu. Msanii anaelewa picha. Ofisi ya Hakimiliki, mnapopokea kazi yangu kuisajili, wekeni kwenye fomu yenu mstari wa kuniuliza: kazi hii imechota kwa nani? Mstari mmoja huo utatufanya tuulize kabla ya kuchora.

Mkianza na Uzaramo, nitawapeleka Maneromango kwa nauli yangu, na fomu ya maombi nitaichora bila malipo. Naomba tu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na nafasi ya kuandika jina la msimulizi iwe kubwa kuliko nafasi ya mhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchoraji,
Sinza, Dar es Salaam